Waandishi wa matangazo tusikubali mali kauli

Haya ndugu zangu, leo naomba tuongee habari za fedha. Humu nimezoea kuandika mambo ya maji, barabara na vikao vya halmashauri, lakini kwa muda sasa vijana wenzangu wa hapa Same wananiuliza swali lile lile, kila mmoja kwa maneno yake: mtu akikuomba umwandikie tangazo la biashara yake, kisha akasema atakulipa iwapo tu wateja watakuja, ukubali au ukatae?

Zamani hili lilikuwa swali la watu wa Dar es Salaam, wenye kampuni za matangazo na viyoyozi. Siku hizi limetufikia. Mwenye duka la pembejeo ana ukurasa wa Instagram. Akina mama wanaosaga tangawizi ya Mamba Miamba wanatafuta wateja kwenye makundi ya WhatsApp. Nyumba za wageni za hapa mjini zinawataka watalii wanaoingia Mkomazi kwa lango la Zange, ambalo liko kilomita chache tu kutoka mjini. Wote hao wanahitaji maneno, na maneno ni bidhaa ngumu kuuza kwa sababu kila mtu ana mdomo na anadhani ya kwake yanatosha. Sasa wamepata na sababu ya pili: "Simu yangu ina akili mnemba, inaniandikia bure. Wewe nikulipe cha nini kabla sijaona faida?"

Jibu langu ni kwamba tukatae. Sisemi tukatae kugawana faida, maana faida ni tamu na sina ugomvi nayo. Nasema tukatae malipo ambayo ni matokeo peke yake. Yaani kazi umeimaliza, umeikabidhi, mwenyewe ameipokea na anaitumia, halafu mfuko wako unamsubiri mtu wa tatu ambaye hujawahi kumwona aamue kununua au kutonunua. Wafanyabiashara wanaiita mali kauli: unatoa mzigo kwa neno tu, ukiuzika utalipwa. Tena mali kauli ina nafuu, maana mzigo usipouzika unaweza kuurudisha nyumbani. Tangazo lililokwisha kusomwa na watu elfu mbili utalirudisha wapi?

Hebu tuanze na shamba, maana huko ndiko wengi wetu tulikotoka. Kibarua hulima kwa ngwe. Mnapima ngwe asubuhi, mnakubaliana bei, akimaliza unapita unakagua, unamlipa. Hapo halipwi kwa kukaa chini ya mwembe, analipwa kwa kazi inayoonekana. Ila sijawahi kusikia mtu yeyote, si Hedaru si Makanya, akimwambia kibarua: "Lima, nitakulipa mvua ikinyesha na mahindi yakiiva." Angefukuzwa na jembe. Na sisi wa upande huu wa magharibi wa milima tunaijua mvua ilivyo. Unaweza kulima vizuri kuliko kijiji kizima na usivune hata debe.

Mwandishi wa tangazo naye ana ngwe yake. Kazi yake ni kumfanya msomaji asimame, aelewe kinachouzwa, atamani kupiga simu. Yanayofuata ni mvua. Bei ikiwa kubwa mno, si yeye aliyeipanga. Mzigo ukiisha dukani, si yeye aliyeshindwa kuagiza. Simu isipopokelewa, au ikipokelewa na mtu anayejibu kama aliyeamshwa usingizini, hilo nalo si lake.

Nitawapa mfano wa rafiki yangu mmoja (jina lake na la aliyempa kazi nayaacha). Aliandika matangazo ya nyumba ya wageni kwa makubaliano kwamba atapata sehemu ya fedha ya kila mgeni atakayeletwa na tangazo. Matangazo yalikuwa mazuri, mimi niliyasoma. Sasa angalieni yaliyofuata. Namba ya simu iliyowekwa ilikuwa ya msimamizi, ambaye baada ya wiki chache aliacha kazi akaondoka na laini yake. Mgeni akifika mapokezi haulizwi amepajuaje. Daftari la wageni linakaa kwenye droo ya mwenye nyumba. Rafiki yangu alipouliza baada ya miezi mitatu akaambiwa, "Wageni wapo, lakini ni wale wale wa siku zote." Labda ni kweli. Na hilo ndilo linaloniudhi zaidi: labda ni kweli kabisa, na hakuna njia ya kujua. Anayetakiwa kulipa ndiye anayehesabu, na anahesabu peke yake, ndani.

Wapo watakaonitajia dalali. "Mbona dalali wa nyumba analipwa mambo yakikamilika tu, na hajafa njaa?" Sawa. Lakini dalali yupo pale. Amemchukua mpangaji mkononi, amemfikisha mlangoni, ameona funguo zikikabidhiwa kwa macho yake mawili. Akitaka kuzungukwa atajua kabla ya jioni. Halafu dalali ana nyumba kumi mfukoni kwa wakati mmoja na hakuna aliyoijenga. Mwandishi amekaa wiki nzima na kazi ya mtu mmoja, kisha anaambiwa asubiri nje ya geti.

Sisi Wapare, kuliko watu wengi, tungepaswa kuwa wakali kwenye suala la nani anapima. Miaka ya 1940 wakoloni walileta huku kodi iliyopanda na kushuka kulingana na mali ya mtu, wakaipa jina la mbiru, ambalo lilikuwa jina la ushuru wa kimila wa Wapare. Ukiisoma kwenye karatasi utaona ni ya haki tupu: mwenye nacho atoe zaidi. Tatizo lilikuwa makadirio. Mtu alitajiwa kiasi chake na hakujua kimefikiwaje, wala jirani yake kwa nini ametajiwa kingine. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakaja kukaa hapa Same, makao makuu ya wilaya, kupinga. Baadaye akina mama wa Usangi nao wakaingia kwenye mapambano. Profesa Isaria Kimambo ameliandika tukio hili na ni vizuri likasomwa shuleni zaidi ya linavyosomwa. Wazee wale hawakukataa kulipa kodi. Walichokataa ni kupimwa kwa kipimo wasichokiona. Leo mjukuu wao ana simu janja na cheti cha uandishi wa habari, na anakubali kupimwa kwa daftari lililofungiwa kwenye droo!

Kuna na suala la rumbesa. Kila mkulima anaijua: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kofia juu, kisha kofia ya kofia, na bei inabaki ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga marufuku miaka nenda rudi. Sasa mwandishi asiyelipwa chochote mwanzoni hujazwa rumbesa bila huruma. "Naomba uliandike upya kidogo." "Ongeza na la Facebook." "Mtoto wa dada yangu amesema rangi hazivutii, na maneno yapunguze." Kila ombi ni dogo, na kila ombi halimgharimu muombaji hata shilingi. Mtu akishatoa laki moja mfukoni mwake hufikiri mara mbili kabla ya kukurudisha kazini. Asipotoa kitu, muda wako kwake ni kama hewa ya Shengena, ipo tu.

Hayo yote yanamuumiza mwandishi. Lakini kuna anayeumia zaidi, na huyo hayupo hata kwenye makubaliano, naye ni msomaji wa tangazo. Chukua tangawizi yetu. Ni kiungo kizuri, ina harufu nzuri, inafaa kwenye chai na kwenye nyama, na ukisema hivyo umesema kweli. Sasa mpe mwandishi mwenye kodi ya chumba malipo ya kila pakiti itakayouzwa, na pakiti zisiuzwe kwa wiki mbili. Wiki ya tatu tangawizi hiyo itaanza kutibu presha. Wiki ya nne itatibu kisukari na kurudisha nguvu za kiume. Hakuna aliyemwagiza aseme uongo. Njaa imemwagiza. Na yule mzee wa Gonja atakayeacha vidonge vyake kwa sababu ya pakiti ya tangawizi hatamjua aliyeandika maneno yale.

Kama mnadhani natia chumvi, tazameni kazi yangu mwenyewe ya habari, maana sisi tumeishi na mfumo huu kwa miaka mingi na tunajua umetufanya nini. Waandishi wengi wa mikoani na wilayani nchini hawana mshahara. Wanalipwa kwa habari iliyotoka. Haikutoka, hakuna kitu, hata kama ulitumia siku mbili na nauli yako. Mimi nimepanda mlimani wakati wa mvua, gari likakwama, nikatembea, nikaandika habari ya zahanati, nikatuma, na ukurasa ukajaa tangazo la benki. Habari haikutoka. Aliyeuza nafasi ile kwa benki alilipwa, benki ilipata ilichotaka, aliyepanda mlima alirudi na matope.

Mfumo huo huchagua habari kabla ya mhariri hajachagua. Tarehe 28 Juni 2025 basi kubwa na basi dogo yaligongana eneo la Sabasaba hapa Same na kuwaka moto, watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Siku ile kila chombo nchini kilitaka habari kutoka Same, na ilikuwa haki. Lakini upande wa pili uweke mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ule wa kuvuta maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu. Ulianza mwaka 2014, na Rais Samia akauzindua Machi 2025. Ni zaidi ya miaka kumi ya ahadi, mikataba na mabomba yaliyosubiri, na watu wakinunua maji kwa ndoo. Mwandishi gani anayelipwa kwa habari moja moja angeweza kuufuata mradi ule mwezi hadi mwezi, aende kukagua, arudi na jibu kwamba hakuna kilichobadilika? "Hakuna kilichobadilika" haiuziki, ingawa ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Na bahasha tunazolaumiwa nazo kila siku, zile za "nauli" baada ya mkutano, zinaota vizuri sana kwenye udongo huu. Sizitetei. Nasema tu kwamba mwenye gazeti asipolipa nauli, atatokea mwingine wa kuilipa, na huyo atakuwa na habari yake anayoitaka.

Haya, tumsikilize na mwenye duka, maana naye si shetani. Ana mtaji mdogo. Amewahi kuliwa na kijana aliyejiita mtaalamu wa masoko, akalipa, akapewa picha yenye maneno yaliyokosewa. Anataka kuona. Na kijana anayeanza hana jina, hana kazi ya kuonyesha, anaona bora akubali chochote kuliko kukaa. Nawaelewa wote wawili. Lakini kijana asiye na jina ndiye mtu wa mwisho anayeweza kubeba hasara ya biashara ya mtu mwingine. Mwenye duka ana duka. Kama tangazo halikuvuta, kesho atauza sukari. Kijana akitaka kujitangaza kwa kazi ya bure, basi aandike moja la bure, liwe fupi, lijulikane ni la bure, akaliweke kwenye kazi zake za kuonyesha. Bure iliyotangazwa ni zawadi, na zawadi ina mwisho.

Na wale wanaosema dunia nzima sasa inalipa kwa matokeo, niwape mfano wa hapa hapa nchini. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza katika shule 350 kwenye wilaya kumi, zikiwamo Korogwe na Lushoto, majirani zetu kabisa. Katika baadhi ya shule hizo mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo moja, yaani Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba fedha za ruzuku zikipelekwa shuleni peke yake hazikubadilisha kitu, bali ruzuku na bakshishi ya mwalimu vikienda pamoja watoto walijifunza zaidi. Basi matokeo yana nguvu, sibishi. Lakini someni masharti yake. Mshahara wa mwalimu ulikuwa pale pale kila mwezi. Kilicholengwa kilijulikana tangu mwanzo. Mtihani hakuutunga wala hakuusahihisha yule mwenye kulipa mshahara, na mwalimu naye hakuusahihisha. Nionyesheni nyumba ya wageni yenye masharti hayo nami nitawaandikia kesho asubuhi.

Tena hatuhitaji kwenda kwenye tafiti. Huku milimani watu wamekuwa wakipeana ng'ombe wa kufuga tangu enzi. Mwenye mifugo mingi humpa mwenye majani. Mfugaji hasubiri miaka mitatu akitazama mkia. Anakamua maziwa tangu siku ya kwanza, watoto wanakunywa, samadi inakwenda mgombani. Ndama akizaliwa ndipo linakuja suala la kugawana, kwa namna walivyoelewana. Ng'ombe akifa bila ndama, mfugaji hakufuga bure. Na ndama akizaliwa kila mtu kijijini anamwona, hafichiki kwenye droo.

Hapo ndipo ninaposimama. Mwandishi apate maziwa na samadi kwanza, yaani ada ya kuandika, inayolipwa kwa kazi kukabidhiwa, nusu mwanzoni na nusu mwishoni. Ada hiyo iwe imetosha kwa siku zake za kazi hata kama hapatapatikana mteja mmoja. Kama mwenye biashara hana fedha ya kutosha, apunguze ukubwa wa kazi: badala ya matangazo sita yawe mawili. Baada ya hapo, wakitaka kushirikiana ndama, washirikiane. Ila ndama awe wa kuonekana. Zamani huko Marekani waandishi kama Claude Hopkins, aliyetoa kitabu chake Scientific Advertising mwaka 1923, walitumia kuponi: msomaji anakata kipande cha gazeti anakituma, na idadi ya vipande inahesabika. Leo kuna njia rahisi zaidi. Weka namba ya simu ya tangazo hilo tu, au namba ya kulipia ya peke yake, au neno ambalo mteja akilitaja anapunguziwa bei. Mwandishi aone hesabu hiyo kila mwisho wa mwezi bila kuomba kwa magoti. Mwenye biashara asiyetaka hesabu ionekane, ahsante, alipe ada tu.

Muda nao utajwe. Miezi mitatu, sita, mnavyoelewana, lakini isiachwe hewani. Tangazo zuri linaendelea kuleta watu hata wewe ukiwa umehamia Moshi.

Na kuna jambo la kisheria ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaeleza hali kadhaa ambazo mtu akiwa nazo, hata moja tu, atahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, haijalishi karatasi yenu imeitwa jina gani. Moja ni kuwa umemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Nyingine ni kuwa unamtegemea kiuchumi. Sasa fikirieni kijana anayeandikia kampuni moja kila siku, anapangiwa muda, anaulizwa yuko wapi, halafu mwisho wa mwezi anaambiwa yeye ni "wa kujitegemea" na mauzo hayakuwa mazuri. Huyo anaweza kuwa na hoja mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Inamhitaji awe ametunza ujumbe wake wa simu, tarehe alizokabidhi kazi na saa alizofanya. Msifute meseji zenu, jamani.

Watani wetu wa Kichagga hutusema kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kwenye hili naomba tuwe Wapare kweli kweli, tena mapema, kabla kuku hajapotea: tuandikiane. Ukurasa mmoja unatosha, majina, kazi, ada, tarehe ya kulipa, namna ya kuhesabu, na sahihi mbili. Nimetafuta mfano wa mkataba wa namna hii ulioandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka, bila yale maneno ya mahakamani, bado sijaupata wa kuridhisha. Mwenye nao, au mwanasheria mwenye saa moja ya kutusaidia kuutunga, anitumie niuweke hapa vijana waunakili.